Harusi Iliyokwama Getini

Mchapaji alikuwa akifunga aproni pale kompyuta ilipomwambia tena kwamba picha za harusi zimeshindwa kuingia. Mpiga picha alikuwa nazo studio kwake, upande wa pili wa mji. Bi harusi angesafiri jioni ile na mumewe, na mama yake alikuwa ameshaketi mapokezi, mkoba mapajani, akingojea albamu.

Mlinzi akapiga simu kutoka getini. "Dada, picha zako zimekuja kwa miguu."

Mchapaji akateremka. Kweli, harusi nzima ilikuwa barabarani: maharusi, wapambe, wajomba wamebeba keki ya ghorofa nne, tarumbeta zinalia, vigelegele juu ya vigelegele. Dereva wa lori la taka alikuwa ameshuka, anacheza na shangazi mmoja. Mlinzi akaeleza kwa upole kwamba tangu uwekwe ule ukuta mpya wa usalama wa mtandao, anayebisha kutoka nje haingii, hata kama anangojewa. Huingia aliyefuatwa na mtu wa ndani.

Mchapaji akaelewa. Kompyuta yake ilikuwa katika hali tendaji: inaagiza, kisha inakaa kitako iletewe. Akapanda, akaiweka katika hali tulivu, ili ile ya studio itulie na yake ndiyo ikachukue. Kisha akarudi getini, akaanza kuwaingiza wawili wawili, akiwashika mikono. Kila aliyevuka kizingiti alijilaza kwenye karatasi akitabasamu, wino ukamkaukia. Mama wa bi harusi alisimama kando akitaja wa kufuatwa. Mchapaji alipanda na kushuka ngazi kwa mwendo wa ngoma, krimu ya keki begani, akicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Akabaki mwanamke mmoja mwenye gauni la kijani, anacheza peke yake, viatu mkononi. Mpiga picha alikuwa amemnasa akichungulia ndani kutoka nje ya uzio wa ukumbi. Mchapaji akamnyooshea mkono.

"Huyo mwache," mama akasema. "Hatukumwalika."

"Ni nani?"

"Mdogo wangu. Ndiye aliyemlea bi harusi nilipokuwa masomoni."

Mchapaji akaurudisha mkono. Mlinzi akafunga geti taratibu, asimbane vidole.

Mama mdogo hakununa. Aliuliza tu kupitia nondo kama mtoto ametoka vizuri, kama amecheka hadi mwanya ukaonekana. Mchapaji akamwambia umeonekana. Basi akapiga kigelegele kirefu, na tarumbeta zilizokwisha kuchapwa zikamwitikia kutoka ghorofani.

Albamu ikaondoka kwa teksi, ikirukaruka kitini kwa muziki. Ilipompita pale nje, mama mdogo aliipungia viatu vyake, akaendelea kucheza.