Filamu ya Bibi Aliyefufuka

Mzee Hosea aliteremka na hasira zake kutoka Mwika hadi Majengo, kumtoa mwanawe kwenye banda la video. Mama mtu amezikwa juzijuzi mgombani, kaburi linangoja saruji, na Shedrack yuko mjini anachekelea maiti za filamu!

"Shikamoo, baba. Kaa kidogo, anakaribia kuinuka."

Mzee hakuitikia, lakini alikaa. Kwenye runinga bibi mmoja marehemu alichomoka kaburini, taya likining'inia, akamkimbiza mumewe kwa mwiko. Banda zima liliyajua maneno yake, likamtangulia kwa kelele: "Nani amemaliza nyama yangu?"

Mzee Hosea akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaona haya.

"Upuuzi mtupu! Unafuata nini hapa kila siku?"

"Huyu tukimzika leo, baba, kesho anarudi."

Mzee aliinuka. Akapanda Mwika peke yake, akachanganya saruji kwa mikono yake mwenyewe. Kabla ya kuimwaga alisimama kitambo, akiusikiliza udongo kama mpumbavu. Migomba tu ndiyo iliyotikisika. Akaimwaga.