Nanga ya Nyuzi Nane

Miye nilisema nanga. Hata nikifa leo, munizike na hilo neno: nanga. Chombo cha kushusha mu maji, kishike chini, mutumbwi usimame. Lakini miye Mukengere ni Mushi, muntu wa kabila ya Bashi, wa Bukavu, mulomo yangu ni ya Kiswahili, na nyumba yangu iko Kamembe, ngambo ya mpaka, kati ya bantu ba Kinyarwanda. Hapo ndipo taabu ilianzia.

Ilikuwa mwaka 1999, vita ya pili ya Congo iko moto. Nilikuwa navua na ndoana, peke yangu, mu kamutumbwi kembamba ka kubeba muntu mumoja tu. Kalichongwa na kaka ya bibi yangu wa ndoa, Uwamahoro; huyo kaka aliuawa mu mauaji ya 1994. Hakuacha kitu kingine. Siku Uwamahoro alinipa kale kamutumbwi, aliniambia nikikapoteza nisirudi nyumbani, na hakuwa anacheka.

Sasa pale ziwa inapogeuka kuwa muto Rusizi, maji inavuta. Samaki zinapenda pale, na miye pia. Ukishughulika kidogo na ndoana, unashituka uko ngambo ya pili, ya Congo, na vita ndiyo iko ngambo ya pili. Mara mbili nilivutwa, mara mbili balinzi ba ziwa banikamata. Mukubwa wa bavuvi, Papa Niyomugabo, akatangaza mbele ya bote kwamba Jumatatu atakagua mitumbwi pale pale penye maji kuvuta. Utakaoshindwa kusimama kwa nanga yake utapasuliwa kuni. Wakati anasema vile alikuwa ananiangalia miye.

Nilikuwa nimejaribu jiwe, likaponyoka kwa kamba kama sabuni. Nikajaribu gunia ya mawe, ikapasuka. Nikafunga kamba katikati, pa kukalia, kamutumbwi kakageuza ubavu kwa maji, kakanywa mpaka nikalowa kiuno. Nilitukana kila kitu siku ile, hata samaki.

Dawa ilikuwa nanga ya mbao, ile ya kukumbatia jiwe. Seremala wa kuaminika alikuwa Muzee Nzabonimana, wa kijiji cha Gitambi. Nikamutuma Tuyisenge, binamu wa bibi yangu, anayeenda kule kila juma kutafuta maharagwe. Nilimuambia polepole, kama naongea na mutoto: nanga, ya mbao ngumu, urefu wa mukono na nusu, kamba zikazwe sana. Akarudilia yote bila kukosea hata neno moja. Nilimusifu hata! Nikamupa kitunga cha sambaza kavu, tule tusamaki tudogo twa ziwa, amupelekee muzee.

Jumapili nyuma ya misa akafika na kitu kirefu kwa kichwa, amekifunika na kitenge. Akafunua. Mbao nyeupe, imechimbwa kama sinia, na juu yake nyuzi nane, zimekazwa sana, vile vile nilivyosema.

Inanga. Kwa Kinyarwanda hiyo ni chombo cha muziki. Muntu anaipakata, anaipiga kwa vidole, anaimba habari za ng'ombe na za bafalme ba zamani.

Hasira ilinipanda mpaka masikio ikawaka. Nilimuuliza Tuyisenge ni lini aliniona naimba. Akajibu kwamba yeye pia alishangaa, lakini Bashi bana mambo yao, alidhani nataka kuburudisha samaki. Uwamahoro akacheka mpaka akaketi chini. Miye sikucheka, kesho ilikuwa Jumatatu.

Kisha Uwamahoro akaiweka magotini, akagusa uzi mumoja, halafu mwingine. Akasema hii imetengenezwa na muntu anayejua. Akaniomba niiache, nitafute njia ingine. Njia gani, jamani? Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuazima nanga, na nani ataazima nanga siku moja mbele ya ukaguzi? Saa kumi na moja nikarudi, nikachukua shoka. Uwamahoro akaingia ndani, akafunga mulango.

Kumbe zile nyuzi nane ni uzi mumoja tu, unaenda na kurudi. Nilikata fasi moja, zote zikalegea. Nikachonga ncha mbili za kuuma matope, nikalaza jiwe mu mbao, nikafunga na waya. Kamba nikaipitisha mu pete ya chuma kwa pua ya kamutumbwi, hapana katikati tena, na fundo la kufunguka kwa kuvuta mara moja. Kazi ilitoka nzuri, na hilo ndilo liliniudhi zaidi. Ile mbao ilishika jiwe kama ilingoja jiwe tangu zamani.

Jumatatu asubuhi mitumbwi miwili ilivutwa na maji mbele ya macho yetu. Wangu ukasimama. Papa Niyomugabo akangoja, akangoja tena, halafu akasema imeshika. Nikarudi na kiburi yangu yote, na kwa kujionyesha nikashusha nanga tena karibu na ufukwe, bantu baone, kisha nikaruka nchi kavu.

Pale ufukweni Uwamahoro alikuwa amesimama na muzee mumoja wa koti nzito. Alikuwa Nzabonimana. Alifika juu ya kamiyo, lori ya kubeba simenti, na mukononi alishika kitunga changu cha sambaza, hakijaguswa. Hakujua Kiswahili, Uwamahoro ndiye aligeuza maneno. Tangu 1994, alisema, hakuna aliyemuomba inanga. Bapigaji bake balikufa ao balikimbia. Ile mbao aliikausha miaka mitano juu ya moto wa jiko, akidhani atakufa nayo. Sambaza hataki. Amekuja kuisikia tu, mara moja, kisha arudi.

"Anauliza iko wapi," Uwamahoro akasema. "Mujibu weye mwenyewe."

Miye mwenye maneno ya kujaza bandari, nilinyoosha kidole tu. Nikaonyesha kamba.

Muzee akaitazama kamba, na fasi inapozama mu maji. Alielewa. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia mpaka magoti. Akaweka kidole gumba juu ya kamba, akaipiga mara moja, akainamisha sikio. Halafu akasema neno moja kwa Uwamahoro.

"Imelegea," bibi yangu akasema. "Anaomba uikaze."

Nikaingia mu maji na viatu vyangu, nikaikaza.