Binamu wa Tani Tatu

Jumanne saa mbili asubuhi, katika karakana ya jeshi, lori nambari 417 lilizaa. Sajenti wa mafundi, mwanamke wa mabega mapana ambaye kambi nzima ilimwita Spana, alikuwa chini yake akikaza nati. Tone la oili ya moto likamwangukia shavuni. Akajivuta pembeni, akaagiza beseni na matambara, na baada ya nusu saa kilori kilikuwa kimelala sakafuni, kikipiga honi nyembamba kama birika linalochemka.

Vita vilikuwa vya dunia nzima na vilikuwa katika mwaka wa nne, kwa hiyo watu walikuwa na mengine ya kufikiria. Madereva walikuja, wakatazama, wakatoa hongera, wakarudi kwenye chai yao. Lori 417 walikuwa wakiliita Shangazi kwa vile haliamki bila kubembelezwa, basi mtoto wakamwita Binamu. Kuhusu baba hapakuwa na mjadala mrefu. Lori la maji lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa Shangazi mwezi mzima wa mvua, na Binamu alikuwa na taa zake zilezile, zenye makengeza.

Binamu alinyonya petroli kwa mpira, mara tatu kwa siku, na akishiba hucheua moshi wa bluu. Spana alimpenda bila kificho. Alimfunika kwa blanketi lake la jeshi, yeye mwenyewe akabaki na koti.

Shida ni kwamba Shangazi alikuwa na mgawo wa gari moja. Kunyonyesha kulimkausha, na siku ya kumi akazimika langoni na shehena ya viatu. Gari lisilo na nambari halipewi petroli. Kila fundi aliijua sheria hiyo. Spana akachukua brashi na rangi nyeupe, akaandika 418 kwenye mlango wa Binamu, akaitilia hata kivuli ile nane. Petroli ikaja siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata ikaja orodha.

Aliyeileta ni karani wa kambi, mtu safi, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni.

“Nambari 418,” alisoma. “Msafara wa Ijumaa. Mstari wa mbele.”

“Huyu bado ananyonya,” Spana alisema.

“Namwona, dada. Lakini fomu haina nafasi ya kunyonya. Ina umri na uzito wa kubeba.”

“Umri, siku kumi na saba. Uzito, masanduku mawili ya sabuni, tena matupu.”

Karani akaandika: mtu mzima, tani tatu. Alikuwa na mwandiko mzuri, na Spana aliufahamu. Miaka miwili nyuma mdogo wake wa mwisho alisimama mbele ya karani huyuhuyu akiwa na miaka kumi na sita na suruali ya kuazima, na mwandiko huo ukampa kumi na minane. Mama yao alipeleka cheti cha kuzaliwa. Karani alikisoma chote, akasema kimeandikwa vizuri, akakirudisha.

“Kwani wewe huna mtoto?” Spana aliuliza.

“Ninaye mmoja. Mzima kabisa.” Karani alifunika kalamu. “Jina lake sijaliandika popote.”

Spana aliifuta ile nambari kwa mafuta ya taa mpaka mlango ukang'aa, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Daftari halifutiki kwa mafuta ya taa. Ijumaa wakampakia Binamu tani tatu za risasi, tumbo likagusa lami. Dereva alichaguliwa mfupi kuliko wote, na bado magoti yalimfika masikioni. Binamu akaondoka wa mwisho, akipiga honi mpaka kwenye kona. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi: rejeta ya Shangazi ilivuja siku tatu, na Spana, aliyeikagua mara nne, hakuona tundu. Alilia naye, mchana kweupe, mbele ya madereva, na hakuna aliyemtania.

Mwezi uliofuata kamanda akatoa amri, kwa sababu za kikazi, kwamba lori la maji liegeshwe tena ubavuni mwa Shangazi. Halikulalamika. Wiki ya tatu Shangazi akaanza kutapika oili kidogo kila asubuhi, na Spana akamwekea beseni.

Karani akafika kabla ya chai. Spana akamuuliza kama kuna habari za mdogo wake. Karani akapekua daftari lake bila haraka.

“Yupo. Miaka kumi na minane.”

“Hiyo si ya mwaka juzi?”

“Ndiyo iliyoandikwa, dada.”

Akatoa fomu, akaiweka juu ya boneti. Nambari 419, mtu mzima, tani tatu. Kilichobaki ni sahihi ya fundi.

“Safari hii siandiki kitu mlangoni,” Spana alisema. “Rangi yote nimeimwaga mtaroni.”

“Nilisikia,” karani alisema kwa upole, akainama kwenye mkoba wake, akatoa kopo jipya na brashi, akaviweka taratibu kando ya beseni.