Kivumbasi Chini ya Dirisha

Kach. Kach. Alfajiri haijaadhiniwa, umeme umekatika Iringo nzima, nasikia vijiti vinavunjwa chini ya dirisha langu. Harufu ikaingia ndani, kama ndimu iliyokwaruzwa ganda. Mtu anachuma kivumbasi changu.

Mche wake niliutoa kwetu Bukima, nimeufunga kwenye kanga iliyolowa. Kwetu tulikuwaga tunakifukiza jioni, mbu wa ziwani wanakimbia, na mtoto mwenye mafua anaogeshwa maji yake. Nami nikamuogesha mwanangu Ikhlas. Mama mkwe, Bi Mwanaamina, akanikuta na beseni.

"Unamkosha mjukuu wangu maji ya maiti?"

Yeye ndiye muosha maiti wa mtaa. Kwao kivumbasi ni cha kumkoshea marehemu, basi. Nikamweleza. "Hayo ya huko kwenu kwenye dagaa," akasema. Akakikata hadi chini, akanitangaza nyumba kwa nyumba kuwa namkosha mtoto kama maiti, kisha akambeba mtoto kwenda Bunda kwa wifi yangu, "mpaka mama yake apate akili." Ikhlas alikuwa bado ananyonya! Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni; nilikaa darasani, ubaoni hesabu, kifuani maziwa yanalowesha blauzi. Mume wangu akasema, "Vumilia, ni mama." Na mimi ni nani?

Mtoto alirudishwa amekonda, ananiogopa. Ila mzizi ulibaki. Mwaka uliofuata mvua zikaja, kikachipua, kikatoa maua, nami nikarudi kumuogesha Ikhlas maji yake kwa siri.

Nikafungua dirisha. "Mama, unachuma nini?"

Kivuli kikatulia. "Tausi fundi cherehani amefariki. Mjini kote nimekikosa."

"Si ulikikata?"

"Kina kiburi," akasema. "Kama mwenyewe."

Ningemfukuza. Lakini Tausi hakunikosea kitu. Nikatoka na kisu, nikamkatia matawi yenye maua.

"Ulinitangaza mtaa mzima, Mama. Leo utawaambia ukweli, wote wakiwepo."

Akayapokea, akaondoka.

Baada ya mazishi wanawake walijaa mkekani kwa Tausi. Bi Mwanaamina akaketi katikati yao, akapewa kahawa, akasifiwa mikono yake. Nilimkazia macho. Akanywa. Akaomba nyingine! Nikakusanya kanga zangu niinuke niseme mwenyewe.

Ikhlas akanitangulia. Akampandia bibi yake mapajani, akazamisha pua kwenye kiganja chake, akavuta pumzi. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barazani:

"Bibi ananukia kama mimi."