Vigae Sitini na Kimoja

Wezi walikuja saa kumi na moja jioni, ng'ombe wakiwa wanarudi kutoka mtoni. Walikuwa kumi na wanne, na saba kati yao walibeba bunduki zilizobaki kutokana na vita ya Kagera. Hawakugusa maboma ya kando ya barabara ya Butiama, ambako mgeni yeyote angeanzia. Walipita moja kwa moja nyuma ya mlima wa mawe, kwenye zizi ambalo kijiji kilikuwa kimeficha mifugo yake tangu mwezi wa nane. Kijana wa zamu alipigwa risasi ya shingo kabla hajavuta upinde. Mwenzake alikatwa mkono kwa kukataa kuachia lango, akafa akiutafuta kwenye nyasi. Wengine wawili waliuawa njiani wakifuata nyayo. Ng'ombe mia mbili na kumi na wawili walivushwa mto kabla jua halijazama.

Hiyo ilikuwa Novemba 1985. Dukani hapakuwa na sabuni wala chumvi, na polisi wa Bunda walikuwa na gari moja lisilo na mafuta. Ulinzi ulikuwa wa sungusungu peke yao.

Kamanda wao aliitwa Nyamhanga. Kijana wa lango alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Kesho yake alikusanya wazee, macho yake mekundu, rungu likiwa mapajani.

"Zizi lile halionekani hata ukipanda mlimani," alisema. "Kuna mtu amewaonyesha. Nataka watu wawili waletwe hapa: Leonardi na Kwangu."

Leonardi alikuwa zamu siku ile lakini hakuwepo. Alisema alikwenda Bunda kupanga foleni ya sabuni, akarudi mikono mitupu. Kwangu yeye alikuwa ameezeka nyumba kwa bati jipya, mwaka ambao hata kanisa lilivuja. Alisema bati alilipata mpakani kwa kubadilishana na pamba. Hakuna aliyeweza kuthibitisha la huyu wala la yule.

"Tutawachapa wote wawili," Nyamhanga alisema. "Mwenye hatia atasema."

"Na kama wote watasema?" aliuliza Thadeo.

Thadeo alikuwa katibu wa sungusungu na mwalimu wa darasa la watu wazima. Aliwahi kuona watu wakichapwa mpaka wakakiri wizi wa ng'ombe ambao baadaye walionekana wakila kwenye shamba la jirani. Alijua kwamba fimbo zikianza, jioni ile kungekuwa na maiti mbili. Leonardi alikuwa mwanafunzi wake, tena yule aliyejifunza kusoma ndani ya miezi mitano.

"Kamanda, nipe siku moja," alisema. "Kuna njia ya kumtoa mtu kijijini bila kumwaga damu. Watu wameitumia kabla Yesu hajazaliwa."

Nyamhanga alimtazama sana. "Siku moja, mwalimu. Ya pili ni yangu."

Njia hiyo Thadeo aliipata kwa Mzee Manoli. Manoli alikuwa Mgiriki, fundi wa injini katika kiwanda cha kuchambua pamba, na kiwanda kilipochukuliwa na ushirika yeye alibaki katika kile kichumba chake nyuma ya mtambo. Thadeo alikuwa karani wa mizani hapohapo. Kwa miaka kumi na minane, kila saa ya chakula, mzungu yule mwenye mafuta ya mashine hadi kwenye nyusi alimsimulia habari za kwao, na Thadeo aliziandika. Alikuwa na madaftari sita. Mkoa mzima wa Mara, alijisemea, hakuna mtu mweusi anayeijua Ugiriki kama mimi.

Jioni hiyo alimfuata Manoli kumweleza mpango wake wa kura ya vigae, ya kumfukuza mtu kama huko Athene. Mzee aliacha kufuta spana.

"Vigae?" alisema. "Unataka kuwapa vigae hawa?"

"Si ulisema vilizuia vita ya wenyewe kwa wenyewe?"

"Nilisema hivyo. Nilisema pia walimfukuza mtu mwema kuliko wote, kwa sababu walichoka kusikia anasifiwa. Thadeo, rafiki yangu, watu wenye msiba usiwape kitu cha kuhesabu."

Thadeo hakupenda. Alihisi mzungu anamwona bado karani wa mizani. Aliaga mapema.

Boke, mke wa Leonardi, ndiye aliyeleta vigae. Alikuwa mfinyanzi, na nyuma ya nyumba yake palikuwa na rundo la vyungu vilivyopasuka tanurini.

"Hao Wagiriki wako, mwalimu, wanawake walikuwaga wanapiga kura?"

"Hapana. Wanaume tu."

"Basi hawakutuzidi kitu." Aliweka kikapu chini. "Mume wangu atapona?"

"Akishindwa, ataondoka miaka kumi. Shamba lake halitaguswa, wala wewe. Kwao ilikuwa hivyo. Mtu anaondoka na heshima yake."

"Nimeuliza kama atapona."

"Atapona," alisema Thadeo.

Wanaume tisini na saba waliitwa saa nne asubuhi penye uwanja wa ghala la pamba. Leonardi na Kwangu walikaa chini mbele, mikono imefungwa nyuma kwa katani. Vijana wa sungusungu waliwazunguka na fimbo za mkwaju.

Thadeo alisimama na madaftari yake. Alikuwa amevaa koti.

Angeweza kusema maneno kumi na kukaa. Lakini hakuwahi kupata watu tisini na saba wa kumsikiliza kwa pamoja, na aliamini kwamba mtu hawezi kutumia chombo asichojua kilikotoka. Akaanza na Marathoni, jinsi wakulima elfu kumi walivyoukimbilia mkuki wa Waajemi na kuwasukuma hadi baharini, maji yakawa mekundu. Wazee waliitikia kwa kichwa, hiyo waliielewa. Akaeleza jinsi mji wa Athene, baada ya kuwafukuza wadhalimu, ulivyoogopa kwamba siku moja atatokea mtu wa ndani wa kuuza mji. Ndipo wakaamua kila mwaka kukusanyika, na kila raia kukwaruza jina kwenye kigae.

Hakuishia hapo. Alipita kwa Sokrate, aliyehukumiwa kwa kura akanywa sumu. Akapita kwa Warumi, akapita kwa Waturuki waliokaa miaka mia nne, na vita ya mwaka 1821, wakati mapadri walipobariki bunduki na vijiji vizima vikachinjwa pande zote mbili. Jua lilipanda. Watu wa nyuma walianza kuulizana bei ya mitumba. Wengine ndiyo kwanza walikuwa wanafika kutoka mashambani, wakiuliza kinachoendelea, wakijibiwa, "Ni kura." Thadeo alifika Smirna mwaka 1922, mji uliowaka siku tisa, Manoli akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili gatini, amekanyaga nywele za watu waliozama. Akafika kwenye njaa ya wakati wa Wajerumani, na vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyofuata, ambamo kaka yake Manoli alichinjwa na jirani aliyemsimamia ubatizo. Akamaliza na wanajeshi walioipindua serikali mwaka 1967.

"Mwalimu," Nyamhanga aliita, "hao wanajeshi nao wameiba ng'ombe?"

Watu walicheka. Thadeo alifunga daftari kwa hasira, na lile jambo lenyewe akalisema haraka, kwa sentensi moja:

"Basi Leonardi ni jembe, Kwangu ni nyumba, kila mtu achore alama moja, na atakayepata vigae vingi ndiye aondoke."

Jembe na nyumba. Wiki tatu tu kabla ya hapo, watu walewale walikuwa wamepanga mstari kumchagua mbunge, mgombea mmoja akiwa jembe na mwenzake nyumba, kama ilivyokuwa kila uchaguzi tangu mwaka 1965. Thadeo alichagua alama hizo ili wasiojua kusoma wasipate taabu, na alijisifu moyoni kwa wazo hilo.

Mmoja mmoja waliingia nyuma ya ghala, wakachukua kigae na msumari, wakatoka na kukitumbukiza kwenye debe. Thadeo hakupiga, maana katibu hapigi. Alisimama kando ya debe akihesabu vichwa. Aliona kwamba watu wa ukoo wa Leonardi walitoka wakiwa wamenyoosha mabega, na jambo hilo lilimpa moyo.

Alihesabu mbele ya wote. Nyumba thelathini na nne. Vigae viwili havikuwa na kitu. Jembe sitini na moja.

Kukatokea vigelegele. Wanaume walishikana mikono. Thadeo hakuelewa, watu hawashangilii mtu anapofukuzwa.

Bernado, baba mdogo wa Leonardi, mzee wa miaka sabini, alimwendea Boke aliyesimama na wanawake kwenye uzio.

"Mkwe wangu, futa machozi," alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Jembe limeshinda! Mimi na wanangu wanne wote tumempa mumeo jembe."

Boke alimtazama. Kisha akapiga kelele, ukelele wa msiba.

Thadeo alielewa wakati huohuo. Wamempigia kura. Kila aliyempenda Leonardi amechora jembe ili ashinde.

Alikuwa na nafasi ya kusema. Nyamhanga bado alikuwa anainuka. Lakini kitu cha kwanza kilichomjia Thadeo ni uso wa Manoli, na watu wote hawa wakijua kwamba mwalimu amewafundisha saa nzima na hawakuelewa kitu. Fimbo ya kwanza ilishuka kichwani kwa Leonardi, ya pili mgongoni. Thadeo alizisikia zote mbili, na ya tatu, ndipo akapaza sauti.

"Acheni! Kura imeharibika! Kosa ni langu, hawakuelewa, rudieni!"

"Kura ni kura," Nyamhanga alisema bila kugeuka. "Umehesabu wewe mwenyewe."

"Tulisema ataondoka! Tulisema hakuna damu!"

"Wewe ndiye ulisema."

Leonardi alijaribu kusimama, mikono bado nyuma. "Mwalimu," aliita, "waambie nilikuwa Bunda, waambie—" Rungu lilimvunja taya. Thadeo aliruka katikati akamlalia. Fimbo zilimpata yeye mbavuni na begani. Alisikia mfupa wa bega ukilia kama kuni. Mikono miwili ikamvuta miguu, ikamburuta kwenye vumbi hadi ukutani.

Sasa ukoo wa Leonardi nao walikuwa wameelewa. Wana wa Bernado waliingia na mapanga, na vijana wa sungusungu wakawageukia. Debe lilipigwa teke. Watu walipigana juu ya vigae, wakiteleza, wakichanika miguu. Mwana wa pili wa Bernado alichomwa mshale wa tumbo na mtu aliyekuwa amesoma naye darasa moja. Nyamhanga alikatwa sikio pamoja na ngozi ya shavu, na bado aliendelea kupiga pale chini, mahali pamoja, akitaja jina la mdogo wake kila rungu liliposhuka. Kwangu alijikunja kando ya ghala, amefungwa, amesahauliwa.

Waliachana walipochoka. Mwana wa Bernado alikufa saa saba mchana. Leonardi alikuwa amekufa kabla yake, na Boke alipofika hakujua amshike wapi, kwa kuwa uso haukuwepo tena.

Miezi minne baadaye aliyewaongoza wezi alikamatwa upande wa Tarime: mchuuzi wa chumvi aliyezoea kulala kijijini akipita. Si Leonardi wala Kwangu aliyewahi kumwonyesha kitu. Alifuata tu mavi ya ng'ombe.

Leonardi alizikwa kesho yake baada ya kura. Kaburi lilichimbwa na vijana wa kijiji cha pili, wakaondoka, kama ilivyo desturi, ili wenyeji wafukie. Jeneza la mbao za masanduku lilishushwa. Katekista alisoma sala akiwa amesimama mbali, kule kwenye mihogo, kwa sababu naye alikuwa amechora jembe.

Katika kijiji kile mtu mwenye mkono katika kifo hatupi udongo. Akitupa, marehemu hataiacha nyumba yake. Sheria hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Sepeto lilisimama kwenye kifusi. Bernado alilikaribia, akanyoosha mkono, akaurudisha. Alimgeukia Thadeo, aliyekuwa amefungwa bega kwa kitambaa cha shuka.

"Mwalimu, tungechora nyumba, huyu angekuwa hai?"

Thadeo angeweza kumdanganya. "Angekuwa hai, mzee."

"Na Kwangu?"

"Labda angekuwa pale alipo huyu."

Bernado aliitika polepole, akarudi nyuma. Wanawe waliobaki walirudi nyuma pamoja naye. Wanaume sitini waliosalia kati ya waliochora jembe, marafiki, ndugu, wajomba, walioimba naye kanisani, walisimama mikono imening'inia. Waliochora nyumba hawakuja msibani kabisa.

Thadeo alisogea. "Mimi sikupiga kura," alisema. Alilishika sepeto kwa mkono mzima.

"Weka chini," alisema Boke. Hakuinua sauti. "Wewe ndiye wa kwanza. Weka chini."

Akaliweka.

Jua lilikuwa limefika utosini. Nzi walianza kushuka kaburini. Mtoto alilia, akanyamazishwa. Kisha kundi la wanawake lilipisha njia, na Kwangu akapita. Kamba iliyomfunga wenzake walipokuwa wakichora ilikuwa imemwachia vidonda viwili vyekundu kwenye viwiko. Hakumsalimia mtu. Alimwangalia Boke, na Boke akakubali kwa kichwa.

Kwangu alivua shati, akalichukua sepeto na kuanza kufukia. Lilikuwa kaburi refu la mtu mrefu, na udongo wa huko ni mzito, una kokoto. Hakuna aliyempokea. Walisimama wote wakimtazama mtu mmoja akifanya kazi ya watu kumi, mpaka saa nane, mpaka alipopiga kifusi kwa mgongo wa sepeto kikakaa sawa. Akachukua shati lake, akaenda nyumbani.