Diski ya Mwaro

Mwaro alifariki Jumanne saa nne asubuhi, mkewe Jedida akiwa amekwenda kusagisha mahindi. Aliporudi alikuta chai imepoa na simu ya mumewe imelazwa juu ya mto. Ndani yake mlikuwa na video ya dakika mbili, aliyojirekodi mwenyewe, kuhusu shamba lao la minazi pale Gede. Mpwa wao Karisa aliinakili kwenye flashi mbili, moja ya Jedida na moja ya Kambi, mdogo wa marehemu. Simu akazikwa nayo, kama alivyoagiza.

Kufikia arobaini Mwaro alikuwa amebadilika. Kwenye flashi ya Kambi alikuwa amevaa shati alilonunuliwa na Kambi, na alisema shamba ni la Kambi. Kwenye flashi ya Jedida alisema ni la Jedida, akausifu na mchuzi wake. Hapo ndipo Jedida aliposhuku. Kwa miaka ishirini na sita Mwaro hakuwahi kuusifu mchuzi.

Akaipeleka flashi yake Malindi kwa Sunil, mwenye duka la picha. Sunil alisema jambo hilo hutokea. Marehemu akiwekwa kwenye kitu kinachofutika na kuandikwa upya, humpendeza yeyote anayemhifadhi. Hata zile diski kubwa za kompyuta zina tabia hiyo, ila polepole. Kisha akatoa diski nyembamba ya kuandikwa mara moja tu.

"Hii ikishaandikwa, basi, mama. Hata mimi siwezi kumrekebisha. Akikohoa, atakohoa miaka mia."

"Muache akohoe."

Sunil alimwomba Jedida asubiri barazani, ili marehemu asiwe na mtu wa kumfurahisha. Yeye mwenyewe akabonyeza kitufe na kugeukia ukuta. Mwaro alitazama huku na huku, hakuona mtu, akarudia fulana yake iliyotoboka, ile aliyojirekodi nayo. Akakohoa. Akasema shamba ni la Jedida, Kambi asiliguse, na mchuzi wa mke wake una chumvi.

Jedida aliisikiliza diski mara tatu pale dukani. Mara ya tatu alicheka, kisha akajifuta macho kwa leso.

Kwenye ofisi ya mashamba, karani Odera alipokea flashi ya Kambi kwanza. Mwaro alimwamkua Odera kwa jina, akawaulizia watoto wake, akasema shamba ni la Kambi.

"Shemeji, si umemsikia mwenyewe?" Kambi aliuliza, akitazama viatu vyake.

"Huyo si Mwaro. Mwaro hakuwa na adabu hivyo," Jedida alisema, akimpa Odera diski.

Odera aliishika diski kwa kingo, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mama, mimi hii naiamini kuliko flashi," alisema. "Lakini kompyuta yetu haina pa kuiingiza."

Jedida akasema Sunil angewaazima chombo cha kuisomea. Odera akaeleza, kwa upole, kwamba vifaa vya nje haviruhusiwi, isipokuwa flashi, kwa sababu flashi kila mtu anayo.

Sasa Jedida amepanga chumba Mtwapa. Jirani yake Viola ana deki ya zamani, na kila Jumapili baada ya ibada Jedida huitia diski humo. Mwaro hukohoa, kisha humpa Jedida shamba, kwa maneno yaleyale. Anayeangua nazi kule Gede ni Kambi, kila baada ya miezi mitatu.