Radhi Haiombwi Kila Mlango

Hakuwa na nywele, ndiyo maana gazetini walimwita Kipara. Hakuwa na gari, hakuwa na mlinzi, wala mjomba serikalini wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Alikuwa mchora vibonzo, na nyumbani alikuwa na mama mzazi, bibi kizee asiyekosa ibada.

Kibonzo chenyewe kilikuwa hiki: mtu mwenye rungu amesimama mlangoni pa nyumba ya ibada, anaufokea mwanga unaotaka kuingia: "Wewe nani? Lete kitambulisho!"

Kilichapwa; kesho yake kundi lililojiita Walinzi wa Imani likavunja madirisha ya gazeti kwa mawe. Likaacha ujumbe: mchoraji aombe radhi kwa maandishi kabla ya giza, la sivyo atakatwa vidole.

Mhariri alikwishaiandika barua ya kuomba radhi. "Tia saini tu, ndugu yangu. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Wanaotaka kukata ni wao, bosi. Mbona wangu hawaubusu?"

Mhariri hakucheka. Kipara akaikunja barua, akaenda nayo nyumbani.

Mama alikuwa anashona kifungo. Aliposikia habari akadai kwanza aone huo mchoro. Akausogeza hadi puani, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Huyu mwenye rungu ni nani?"

"Si mtu yeyote, mama."

"Basi aliyekasirika kajiona mwenyewe. Na wewe ndio unakwenda kuwaomba radhi?"

"Ndivyo wanavyotaka."

"Msamaha ningeelewa. Ukimkanyaga mtu mguu, unamwomba msamaha. Lakini radhi? Radhi anayo Mungu, na anayo mzazi. Hao wamekuzaa?"

"Mama, wana mapanga."

"Najua. Naogopa mpaka sindano siioni. Lakini Mungu ninayemwabudu hajaniambia kama anatafuta bodigadi."

Kipara akapiga magoti. Mama akamwekea mkono kichwani, na radhi akampa.

Alirudi ofisini kifua mbele, akamrudishia mhariri barua yake, akaketi kati ya vipande vya vioo, akaandika: "Mmeniagiza niombe radhi. Nimeiomba kwa mama yangu, naye amenipa. Mchoro ukiwauma, choreni wenu, nasi tutauchapa. Wangu haufutwi."

Mhariri aliisoma amesimama.

"Hapa umekosea," akasema.

"Wapi?"

"Umeandika 'wangu'. Andika 'wetu'."

Akaichana ile barua yake, akatia saini chini ya saini ya Kipara. Fundi wa mitambo akapangusa mikono, naye akasaini. Mama mfagiaji, ambaye kalamu haikuwahi kumzoea, akaweka dole gumba, akasema kwa sauti, "Hilo ni langu, wasije wakasema la mtu mwingine!"

Kipara akailamba bahasha, akaifunga, akaikandamiza kwa kiganja. Tarishi akaichukua, akapanda baiskeli, akaenda kuwapelekea Walinzi wa Imani.